Mali ya Abdulla: mfanyabiashara aliyeipa leso ulimi

Kunjua leso yoyote ya zamani iliyowekwa sandukuni, kisha uangalie vizuri karibu na pindo. Huenda ukakuta herufi ndogo K.H.E., na mbele yake maneno Mali ya Abdulla, Mombasa. Wengi wetu tumebebwa mgongoni kwa leso hizo na kufunikwa nazo tukilala, wala hatukuwahi kuuliza huyo Abdulla ni nani.

Jina lake ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kihindi. Watu wa mji walimwita Abdulla. Biashara yake ya nguo ilianza Mombasa mwaka wa 1887, wakati mji ulikuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar.

Nguo aliyoikuta ilikuwa ishatoka mbali. Mtumwa alivaa merikani nyeupe isiyo na pambo, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi nzito ya nili. Wanawake wa mjini wakaanza kununua vitambaa vya mraba, leso kwa jina la Kireno, wakashona sita pamoja kuwa nguo moja. Huko Unguja mafundi walichonga mihuri ya mbao, wakaichovya kwenye rangi na kuigonga juu ya merikani, pigo baada ya pigo, mpaka nguo nzima ijae. Miundo ya mwanzo ilikuwa ya madoadoa kama manyoya ya kanga, na ndiyo sababu ya jina lake la pili. Muda si mrefu kazi ya mkono ikazidiwa na viwanda vya ng'ambo.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, na pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mwanamke aliyeachwa huru hakutaka tena kaniki. Alitaka leso, tena mpya, ili atembee mjini kama wenzake.

Ni katika miaka hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo Abdulla alipofanya jambo linalomfanya akumbukwe hadi leo. Yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutia maneno kwenye leso. Hapo kabla leso ilikuwa na pindo na mji tu. Sasa ikapata na jina. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wa Pwani walizisoma tangu chuoni, na baadaye kwa herufi za Kirumi. Leso zilichapwa India, Uingereza na Uholanzi, baadaye Japani, zikarudi kwa meli kuuzwa doti kwa doti.

Wateja wake ndio walioipa kazi nguo ile. Methali, dua, fumbo la mapenzi au kijembe cha mke mwenza, yote yalipata mahali. Mwanamke ambaye adabu ilimzuia kumjibu mkwewe aliweza kujifunga leso akapita mbele yake, na jibu likafika. Mfanyabiashara asiyejua wanawake wanasemezana nini asingeuza hata doti moja. Abdulla alijua.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na bidhaa za Pwani zikapata njia ya bara. Leo utaona leso imefungwa kiunoni hadi Kehancha, mpakani na Tanzania, kwa watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, na bado jina linasomwa kabla ya bei kuulizwa.

Abdulla alifariki zamani, lakini duka la Biashara Street na alama ya K.H.E. vilibaki. Sokoni sasa zimejaa leso zilizochapwa mbali na watu wasiojua lugha yetu: rangi zinavutia, maneno yamekosewa au hayana maana. Tukizinunua bila kusoma, tunamwambia mchapaji kwamba Kiswahili ni pambo tu. Kabla hujalipa, soma jina. Na bibi akiwa bado yupo, mwombe akufungulie sanduku, akueleze kila leso aliinunua kwa ajili ya nani.