Maisha ya Daktari Jean Hissette

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu anayejulikana na waganga wa macho duniani, tena kazi yake kubwa aliifanya hapa kwetu Kongo.

Jean Hissette, Mbelgiji, alizaliwa mwaka 1888. Wakati Wabelgiji walipotawala nchi yetu, alikuwa daktari upande wa Kasai, kando ya mto Sankuru. Fasi ile watu wengi walikuwa vipofu. Yeye alichunguza macho yao mpaka nyuma kabisa, kwenye retina.

Retina ni nini? Kama jicho ni apareyi ya picha, basi retina ndiyo filimu yake. Ni utando mwembamba sana ulio ndani ya jicho, upande wa nyuma. Una seli zaidi ya milioni 100 zinazoshika mwangaza. Zile za umbo la fimbo zinatusaidia giza likiingia. Zile za umbo la koni zinatuonyesha rangi na maandiko madogo. Mwangaza ukizigusa, zinaugeuza kuwa umeme kidogo, kisha mshipa wa jicho unaupeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo tunaona. Lakini seli hizo zikikufa, hazizaliwi tena.

Hissette aliona kama retina za vipofu wale zimeharibika. Mwaka 1932 aliandika kwamba sababu ni onkoserkoze. Ugonjwa huu ni wa vidudu vinavyoletwa na nzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya mbio. Mwaka 1934 wataalamu wa Harvard, Marekani, walifika kuhakikisha, wakakuta ni kweli. Alikufa mwaka 1965. Hata leo kovu lile la nyuma ya jicho linaitwa kwa jina lake, pamoja na la Mwingereza Ridley.

Wandugu, hapa Birere tuko juu ya mawe ya volkano, mto hatuna. Lakini likizo kuu ikifika, wengi wetu tunarudi vijijini. Kule tukikuta mtu jicho lake safi kwa nje lakini haoni, tusiseme amelogwa. Tena dawa ya ivermektini, inayotolewa bure tangu mwaka 1987, inaua watoto wa vidudu, lakini retina iliyokufa haiifufui. Basi wakiigawa kijijini tuimeze mapema, tungali tunaona, na tumshukuru Mungu kwa macho aliyotupa.