Jomo Kenyatta: Kutoka Thika hadi Semina ya London

Jina la Jomo Kenyatta linapotajwa nchini Kenya, aghalabu fikira za watu huelekea kwenye siasa: kesi ya Kapenguria, kifungo, uhuru wa 1963 na urais. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uzamili mwenye mfuko mtupu, aliyelazimika kuandika makala na kuyasoma mbele ya wenzake waliokaa tayari kuyakosoa. Maisha yake ya kalamu yanastahili kusimuliwa, hususan kwa mwanafunzi anayengoja apate kwanza fedha, nafasi na utulivu ndipo aanze kuandika.

Kenyatta alizaliwa Ng'enda, Gatundu, katika miaka ya 1890. Mwaka wake kamili wa kuzaliwa haukuandikwa popote, kwa kuwa jamii yake ilihesabu umri kwa marika na si kwa tarehe. Jina lake la utotoni lilikuwa Kamau. Mnamo 1909 aliingia shule ya misheni ya Kanisa la Uskoti huko Thogoto, akajifunza kusoma, kuandika na useremala. Alibatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Baadaye alifanya kazi Thika, si mbali na kwao, chini ya mhandisi Mwingereza aliyeitwa John Cook. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita arubaini hivi, kuchukua mishahara ya wafanyakazi benki. Ugonjwa mkali ulimwondoa Thika, akapelekwa Tumutumu kuuguzwa.

Thika ya wakati huo ilikuwa imezungukwa na mashamba ya walowezi. Katika mojawapo ya mashamba hayo alikulia msichana wa Kiingereza, Elspeth Grant, ambaye wazazi wake walihamia huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Elspeth Huxley, mwandishi wa The Flame Trees of Thika, kitabu cha mwaka 1959. Njia za wawili hawa zingekutana tena, wala si Thika.

Mnamo 1922 Cook, ambaye sasa alikuwa akisimamia maji ya manispaa ya Nairobi, alimwajiri Kenyatta kuwa karani wa ghala na msoma mita. Kazi hiyo ilimzungusha mjini kote na kumkutanisha na watu wa kila aina. Mwaka 1928 aliiacha akawa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama kilichodai ardhi iliyotwaliwa na serikali ya kikoloni. Mwezi Mei mwaka huohuo chama kilianzisha gazeti la kila mwezi kwa lugha ya Kikuyu, Muigwithania, jina lenye maana ya mpatanishi. Kenyatta alikuwa mhariri wake. Hapa ndipo kalamu yake ilipoanza kuzoea nidhamu. Gazeti la kila mwezi halimsubiri mwandishi apate hamu. Siku ikiwadia, kurasa sharti zijazwe.

Chama kilimtuma London mwaka 1929 kupeleka malalamiko kuhusu ardhi. Huko aliandikia magazeti. Mathalani, barua yake iliyoeleza madai ya chama ilichapishwa katika The Times mwaka 1930. Alirejea Kenya kwa muda mfupi, kisha mwaka 1931 akaenda tena Uingereza, asirudi nyumbani kwa miaka kumi na mitano. Mnamo 1932 alitoa ushahidi wake huko London mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter. Ripoti ya tume hiyo, iliyotoka mwaka 1934, iliidhinisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Kwa watu waliotarajia kurudishiwa mashamba yao, hilo lilikuwa pigo kubwa. Ilidhihirika kwamba malalamiko peke yake, hata yakiwa ya haki, hayakutosha. Palihitajika hoja iliyopangwa, yenye maelezo ya kina kuhusu jinsi Wakikuyu walivyomiliki ardhi kabla ya kuja kwa Wazungu, na iliyoandikwa kwa namna ambayo wasomi wa Ulaya wasingeweza kuipuuza.

Riziki ilikuwa ngumu. Kodi ya chumba ilimshinda mara kwa mara, na mwaka 1935 alionekana katika filamu ya Sanders of the River kama mmoja wa waigizaji wadogo, kazi aliyoifanya kwa ajili ya fedha. Alipata pia ujira katika idara ya fonetiki ya University College, akiwa mzungumzaji asilia aliyemtamkia mwanaisimu Lilias Armstrong maneno ya Kikuyu ili achunguze sauti na toni zake. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kuhusu fonetiki ya Kikuyu kikachapishwa mwaka 1940. Saa hizo za kurudia neno mojamoja zilimfanya Kenyatta aitazame lugha yake kama kitu cha kuchunguzwa, wala si cha kusemwa tu.

Katika miaka hiyohiyo alijiunga na Chuo cha Uchumi na Sayansi ya Siasa cha London kusoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski. Hakuwa na shahada ya kwanza, lakini Malinowski alimkubali. Moyo wa mafunzo hayo ulikuwa semina iliyokutana kila wiki. Mwanafunzi alileta makala yake, akayasoma, kisha yakajadiliwa na watu waliofanya utafiti sehemu mbalimbali za dunia. Ilimbidi aeleze kila istilahi na kutetea kila dai. Asiyekuwa na ushahidi alijulikana papo hapo. Elspeth Huxley naye alihudhuria mafunzo ya Malinowski pamoja na Kenyatta, akijiandaa kwa riwaya yake kuhusu Wakikuyu, Red Strangers, iliyotoka mwaka 1939. Hivyo binti wa mlowezi wa Thika na aliyekuwa mfanyakazi wa Thika wakawa wanafunzi wa mwalimu mmoja, kila mmoja akiandika kuhusu watu na ardhi ileile, kutoka pande mbili zilizopingana.

Kenyatta hakuketi siku moja akaamua kuandika kitabu kizima. Aliandika kuhusu tohara, kuhusu dini, kuhusu ndoa na kuhusu umiliki wa ardhi, kila mada kwa wakati wake. Makala yake kuhusu dini ya Wakikuyu, ibada za mizimu na kafara yalichapishwa katika jarida la Africa mwaka 1937. Haba na haba, makala hayo yaliunganishwa yakawa mswada. Rafiki yake Dinah Stock alimsaidia kuuhariri na kuupunguza. Mwaka 1938 kampuni ya Secker and Warburg ilichapisha Facing Mount Kenya, kitabu ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Naushangilia Mlima wa Kenya. Malinowski aliandika utangulizi, na kwa mara ya kwanza jina la Jomo likatokea kwenye jalada.

Sura ya ardhi imewekwa mwanzoni mwa kitabu, na hilo halikutokea kwa bahati. Humo Kenyatta anaeleza jinsi kila ukoo ulivyokuwa na githaka yake, haki za mwenye ardhi na za mpangaji, na namna mipaka ilivyowekwa mbele ya mashahidi. Hoja inapofikia kilele chake, anageukia fasihi simulizi: anasimulia kisa cha mtu aliyemsitiri tembo kibandani mwake wakati wa mvua, akafukuzwa humo, na tume ya wanyama watupu ikaundwa kuamua kesi yake. Msomaji wa 1938 aliyefahamu habari za tume ya Carter hakuhitaji kuelezwa maana.

Toleo la kwanza liliuza nakala 517 tu. Hata hivyo, kitabu kilikuwepo. Katika muda huohuo Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyekisema Kikuyu kwa ufasaha, alifanya utafiti mkubwa zaidi kuhusu Wakikuyu wa kusini kati ya 1937 na 1939. Mswada wake ulikuwa mrefu mno, naye hakukubali kuupunguza. Ulikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, ulipotoka kwa majuzuu matatu. Leakey alikuwa na maarifa mengi na hati nyingi. Kenyatta alikuwa na semina iliyomdai makala na mhariri aliyemwambia pa kukata. Kwa miaka karibu arubaini, ni kitabu kidogo kilichosomwa.

Kenyatta alirudi Kenya mwaka 1946, akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri, na mwaka 1947 akachaguliwa rais wa Kenya African Union. Alikamatwa Oktoba 1952. Tangu kurudi hakuandika tena kazi ya kitaaluma. Vitabu vilivyotoka kwa jina lake wakati wa utawala wake vilikuwa zaidi mikusanyiko ya hotuba na kumbukumbu za kisiasa. Pengine shughuli zilimzidi. Lakini pia hapakuwa tena na mtu wa kumdai makala, wala meza ambapo aliye mdogo aliruhusiwa kumuuliza ushahidi wake uko wapi. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akiwa rais.

Swali la sura ile halikufa naye. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti iliyolaumu jinsi ardhi ilivyogawanywa wakati wa utawala wake, na kuwataja jamaa zake miongoni mwa walionufaika. Kule Thika alikofanya kazi ujanani, mtaa wa mabanda wa Kiandutu, ambao jina lake la Kikuyu hukumbusha funza wanaoingia miguuni, umejaa watu ambao kwa miaka mingi wameishi bila hatimiliki za vipande wanavyokalia. Mwanafunzi anayetoka huko anaijua ardhi isiyo na cheti kuliko mtafiti yeyote wa mbali, kama Kenyatta alivyoijua githaka ya Ng'enda. Kujua huko hakutoshi, kama kusivyomtosha Kenyatta mbele ya tume ya Carter. Kitabu cha 1938 kilianza kwa makala moja, yaliyosomwa siku iliyopangwa, mbele ya watu walioyakosoa.