Paul Cézanne: Mchoraji Aliyefungiwa Mlango na Mji Wake

Wasomaji wetu walioko Ghuba watakumbuka habari zilizotoka mwanzoni mwa mwaka 2012, kwamba familia inayotawala Qatar ilikuwa imenunua picha moja ya rangi ya mafuta kwa fedha zilizoripotiwa kupindukia dola za Kimarekani milioni 250. Picha yenyewe haionyeshi mfalme wala vita. Inaonyesha wanaume wawili wa shamba, kofia kichwani, wanacheza karata. Aliyeichora ni Paul Cézanne, Mfaransa aliyefariki mwaka 1906, ambaye jumba la makumbusho la mji wake lilikataa kutundika hata picha yake moja. Leo tumeona tuwaletee maisha ya mtu huyu, kwa sababu yanatuhusu sote tuliotoka kwetu na tuliobaki.

Cézanne alizaliwa tarehe 19 Januari 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alianza kwa kuuza kofia, akafanikiwa hadi akafungua benki. Shuleni kijana Paul alifuatana na mtoto mmoja maskini, yatima wa baba, ambaye wenzake walikuwa wakimwonea kwa kuwa ni mgeni pale. Mtoto huyo, ambaye baba yake alikuwa Mtaliana, aliitwa Émile Zola, na baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa Ufaransa. Inasimuliwa kuwa Paul alipomtetea, Zola alimletea kikapu cha matufaha kuwa shukrani.

Baba alitaka mwanawe awe mwanasheria. Paul akasoma sheria kwa shingo upande, na mwaka 1861 akaondoka kwenda Paris kujifunza uchoraji. Chuo cha serikali cha sanaa hakikumpokea. Maonyesho rasmi ya kila mwaka, yaliyoitwa Salon, yakamkatalia picha zake karibu kila alipozipeleka. Yalimkubalia mara moja tu, mwaka 1882. Picha zake za mwanzo zilikuwa nzito na za giza, rangi kapaka kwa kisu kama mwashi anayepiga lipu.

Aliyembadilisha ni mchoraji Camille Pissarro, mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Kuanzia mwaka 1872 walifanya kazi pamoja nje ya Paris, na Pissarro akamfundisha kutoka chumbani, kusimama mbele ya mti na nyumba, na kuchora kwa rangi za mwangaza. Hivyo Cézanne akaingia katika kundi la Waimpreshonisti na kushiriki maonyesho yao ya kwanza ya 1874. Watu walizicheka picha zake kuliko za wenzake.

Lakini hakutosheka na njia ya wenzake. Wao walikuwa hodari wa kunasa nuru inayopita, dakika moja ya jua juu ya maji. Yeye aliona picha za namna hiyo zinakosa mifupa. Alitaka picha iwe na mwangaza, na wakati huo huo iwe imara kama nyumba iliyojengwa. Njia yake ilikuwa kupaka viboko vifupi vya brashi, vilivyolala upande mmoja, kimoja kando ya kingine, kama msusi anavyoshona mkeka ukili kwa ukili. Alipotaka kuonyesha tufaha ni la mviringo hakulitia tu kivuli cheusi, bali alibadilisha rangi: nyekundu na manjano zisogee mbele, buluu na kijani zirudi nyuma. Meza zake zina kingo zisizokutana, kwa kuwa kitu kimoja alikitazama kutoka pembe zaidi ya moja. Alifanya kazi polepole mno hata matunda yakaoza mezani. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard ameeleza kuwa alikaa mbele yake mara 115 ili achorwe, na bado picha haikumridhisha mwenyewe.

Miaka hiyo yote alikuwa akila mkono wa baba. Alikuwa na mwanamke, Hortense Fiquet, na mtoto wa kiume aliyezaliwa 1872, naye akawaficha kwa kuogopa kukatiwa posho. Mwaka 1878 baba akafungua barua isiyo yake, siri ikajulikana, na posho ikapunguzwa. Aliyemwokoa ni Zola, ambaye kwa miezi kadhaa alimtumia Hortense fedha za matumizi. Wengi wetu tunajua uzito wa fedha kama hizo. Mwaka 1886 Cézanne alifunga ndoa, baba akafariki na kumwachia urithi mkubwa, na Zola akatoa riwaya juu ya mchoraji aliyeshindwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa riwaya hiyo ilikata urafiki wao papo hapo, lakini barua ya mwaka 1887 iliyoibuka karne hii inaonyesha kuwa walikuwa bado wanaandikiana.

Mwaka 1895, Cézanne akiwa na miaka 56, Vollard alimfanyia maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mjini Paris. Hapo ndipo vijana walipoamka. Henri Matisse alinunua picha yake moja ingawa hakuwa na kitu, akakaa nayo zaidi ya miaka 35. Picasso na Braque wakaichukua njia yake ya kutazama kitu kutoka pembe nyingi, wakazaa Kubizimu. Hata jina la Posti-impreshonizimu, analotajwa nalo pamoja na Van Gogh, Gauguin na Seurat, lilitolewa London mwaka 1910 na Roger Fry, wakati wote wanne wameshazikwa.

Na nyumbani je? Cézanne alikuwa amerudi Aix, akiuchora tena na tena mlima Sainte-Victoire. Msimamizi wa jumba la makumbusho la mji, Henri Pontier, aliapa kuwa wakati wake picha ya Cézanne haitaingia humo, na kiapo chake akakitimiza. Cézanne mwenyewe alinyeshewa na mvua ya dhoruba akiwa kazini Oktoba 1906, akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa dobi, kesho yake akashika brashi tena, na baada ya wiki moja akafariki. Alikuwa na miaka 67.

Mwaka 1984 ilibidi serikali ya Ufaransa iliazime jumba hilo hilo picha nane za Cézanne, na mwaka 2025 mji mzima ulisherehekea jina lake. Picha ambazo Aix ingezipata kwa bei ya chini mlangoni kwake, leo inaziomba kwa wageni. Nasi kwetu wapo wanaochora, wanaoandika na wanaotunga, na tunawafungia milango wangali hai. Tuwafungulie mapema, maana kuazima chako mwenyewe ni fedheha.