Chico Mendes na msumeno wa sheria

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno. Walichotuachia tujiulize ni nani aushikaye mpini wake. Maisha ya Chico Mendes, mgema mpira wa Brazil, yanatupa jibu.

Mendes alizaliwa Desemba 15, 1944, karibu na mji wa Xapuri, jimbo la Acre, katika msitu wa Amazon. Alianza kugema mpira angali mtoto. Shule hazikuruhusiwa katika milki za mabwana wa mpira, kwani mgema ajuaye kusoma angeligundua ulaghai uliomo katika daftari la madeni. Aliyemfunza kusoma, alipokaribia utu uzima, ni Euclides Távora, mkimbizi wa kisiasa aliyejificha msituni. Kwa maoni yangu, harakati zake zilianzia hapo.

Katika miaka ya 1970, wafugaji matajiri walimiminika Acre wakifyeka msitu ili kupata malisho. Mendes na wenzake chamani waliwaendea wafyekaji pamoja na wake na watoto, bila silaha, wakawazuia. Mwaka wa 1980 kiongozi mwenzake, Wilson Pinheiro, aliuawa. Mendes hakurudi nyuma. Mnamo 1985 wagema walikutana mjini Brasília, wakaunda baraza lao na kudai hifadhi za aina mpya: ardhi iwe ya serikali, nao wakazi wawe na haki ya kuvuna mpira na kokwa pasipo kuangamiza msitu.

Oktoba 5, 1988, Brazil ilipata katiba mpya ambayo kifungu chake cha 225 kinampa kila mtu haki ya mazingira bora. Desemba 22 mwaka uo huo, Mendes alipigwa risasi nyumbani kwake, ijapokuwa alikuwa na walinzi wa polisi. Mwaka wa 1990 mfugaji Darly Alves na mwanawe Darci walihukumiwa kifungo cha miaka 19 kila mmoja. Mwaka huo pia ilitangazwa hifadhi yenye jina la Mendes, ya takriban hekta 970,000.

Katiba yetu ya 2010 inatoa haki kama hiyo katika kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu raia kwenda mahakamani bila kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe amedhurika. Je, ni wanafunzi wetu wangapi waliovisoma? Walimu wenzangu, tuanzie hapo. Sheria isiyosomwa na wakazi wa msituni haiwezi kuwalinda, na msumeno utabaki mikononi mwa wanaoukata msitu wao.