Glavu Mbili, Maski Moja, Bila Miwani: Maisha ya Daktari Matthew Lukwiya

Kama unasomea sayansi huku Kesses, ile karatasi unaijua. Siku ya kwanza ya maabara unapewa orodha ya sheria: usile humu ndani, usivute kitu kwa pipeti na mdomo, funga vifungo vyote vya koti, vaa glavu, vaa miwani ya kinga. Unatia sahihi, unarudisha, mambo kwisha. Miwani yenyewe imejaa mikwaruzo, na kwa baridi ya huku ukipumua mara mbili tu imeshapata ukungu. Baada ya dakika kumi umeipandisha kwenye paji la uso kama mtu anayeota jua kule Diani.

Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo usinichukulie kama lekchara wako. Nataka tu nikupe habari za daktari mmoja wa Uganda aliyeijua hatari kuliko mtu yeyote hospitalini kwake, akawafundisha wenzake kujikinga, halafu usiku mmoja akaingia wodini akiwa amevaa kila kitu isipokuwa miwani.

Anaitwa Matthew Lukwiya. Alifariki Desemba 2000, na wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa. Lakini panda yale malori yanayopita Eldoret kwenda Malaba, vuka mpaka, endelea hadi Gulu kaskazini mwa Uganda, kisha mtaje Daktari Matthew. Utaona watu wanavyonyamaza kwanza kabla ya kukujibu.

Alizaliwa Kitgum mwaka 1957, Mwacholi wa familia ya kawaida kabisa. Baba alikuwa muuza samaki, akafa maji Matthew akiwa na miaka kumi na miwili tu. Mama alibaki akichuuza, tena kwa njia ambayo askari wa mpakani hawangeifurahia: alivusha majani ya chai hadi Sudan na kurudi na sabuni. Hustle ni hustle, bana. Kijana alikuwa na kichwa. Alipata ufadhili, akaenda Makerere kusomea udaktari, na mwaka 1983 akaripoti katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kufanya mwaka wake wa mafunzo.

Lacor ilikuwa ya wamisionari wa Kikatoliki. Walioikuza ni mke na mume: Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, waliofika mwaka 1961. Shika jina la Lucille. Miaka ya vita, majeruhi walikuwa wakiletwa na vipande vya mifupa vimesambaa mwilini, naye aliwapasua akitoa vipande hivyo kwa vidole. Glavu ilichanika, kidole kikakatwa, si mara moja. Mwaka 1985 akaambiwa ana virusi vya Ukimwi. Aliendelea kufanya kazi miaka mingine na akafariki 1996. Kwa hivyo Matthew alilelewa kikazi na mwanamke aliyeambukizwa kazini. Mambo ya usalama hakuyasoma ukutani tu.

Vita vyenyewe vilimkuta pia. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi wa Joseph Kony waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua masista wa Kiitaliano. Matthew aliwaambia wamchukue yeye. Wakamchukua kweli. Alikaa msituni karibu wiki nzima akiwatibu majeruhi wao, kisha wakamwachilia, akarudi kazini kama aliyetoka likizo. Baadaye alifungua uwanja wa hospitali kwa raia waliokuwa wakikimbia vijiji usiku, wakawa wanalala humo kwa maelfu.

Halafu akaenda Liverpool, Uingereza, kusomea shahada ya pili katika magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Alifaulu vizuri kiasi kwamba walimtaka abaki afundishe. Alikataa. Fikiria hapo kidogo. Sisi huku tunashinda kwenye saiba tukijaza fomu za viza, na huyu aliirudisha mkononi mwa aliyempa, akarudi Gulu kulipokuwa na bunduki. Corti na mkewe walishaamua kwamba siku wakiondoka, hospitali itakuwa yake.

Mwaka 2000 alikuwa Kampala na mkewe Margaret na watoto wao watano, akifanya shahada nyingine ya afya ya umma pale Makerere. Asubuhi ya Oktoba 7 simu ikalia kutoka Lacor. Kuna ugonjwa hatuuelewi, walimwambia. Wanafunzi wa uuguzi wamekufa. Jioni ile ile alikuwa Gulu.

Sasa hapa ndipo nilitaka tufike, maana ndiyo sehemu ambayo karatasi ya maabara haikufundishi vizuri. Tathmini ya hatari, ukiitoa ile lugha ya ofisini, ni maswali manne: Hiki kitu kinaweza kuwa nini? Kinaingiaje mwilini? Nani atakigusa leo? Na mambo yakiharibika, tutafanya nini? Watu wengi hungoja swali la kwanza lijibiwe ndipo waanze la pili. Matthew hakungoja.

Alikesha akipitia mafaili ya wagonjwa. Homa, kutapika, kuhara, wengine wakivuja damu, na wote hawasikii dawa. Kilichomshtua zaidi ni nani walikuwa wanakufa: wauguzi na waliowahudumia wagonjwa. Malaria haimfuati muuguzi namna hiyo. Alifungua kitabu cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za kuvuja damu, akalinganisha ukurasa na faili, faili na ukurasa. Kisha akampigia simu moja kwa moja kamishna wa huduma za afya ya jamii katika Wizara ya Afya, akaruka ngazi zote za katikati. Angefuata utaratibu wa barua, ingekuwa Krismasi.

Na wakati sampuli za damu zikisafirishwa kwenda maabara ya virusi Johannesburg, yeye tayari alikuwa ametenga wodi. Wahudumu waliojitolea wakafundishwa kuvaa gauni, aproni, buti za mpira, kofia, maski, glavu mbili mbili na miwani. Jibu lilirudi katikati ya Oktoba: Ebola, ile aina iitwayo Sudan. Wataalamu wa wizara walipofika, walikuta wodi ya kutenga wagonjwa inafanya kazi.

Ebola ilikuwa imejulikana tangu 1976, ilipolipuka Yambuku kule Zaire na Nzara kule Sudan. Katika madaraja manne ya hatari ya vijidudu, iko la nne, la juu kabisa. Kule Ulaya na Marekani virusi kama hivi hushikwa na mtu aliyevaa suti yenye hewa yake, ndani ya chumba ambacho hewa haitoki bila kuchujwa. Gulu kulikuwa na wodi yenye madirisha na klorini kwenye ndoo.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Kutoka hapa Kesses mpaka pango la Kitum, Mlima Elgon, ni safari ya siku moja. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia aliugua muda mfupi baada ya kuzuru pango hilo, akafia Nairobi kwa Marburg, binamu wa Ebola. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona kwa bahati. Na virusi hivyo vinaitwa Marburg, jina la mji wa Ujerumani, kwa sababu ya maabara: mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara kule Marburg, Frankfurt na Belgrade waliambukizwa na tumbili waliotoka Uganda, tumbili walioletwa kwa ajili ya utafiti na kutengeneza chanjo. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Rudi nyuma zaidi, 1906, Entebbe: Luteni Forbes Tulloch, daktari kijana wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akitafiti ugonjwa wa malale, inaaminika aliambukizwa akipasua panya mwenye vimelea. Mwaka huo huo alikufa. Utafiti wa Afrika Mashariki una makaburi yake.

Turudi Lacor. Wamarekani wa kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, walikuja wakafungua maabara ndogo pale pale hospitalini. Hili lilibadilisha mchezo. Kabla ya hapo, damu ilibidi ipande ndege, tena ikiwa imefungwa tabaka tatu: chupa iliyozibwa, ndani ya chombo kisichovuja chenye kitu cha kunyonya majimaji, ndani ya boksi gumu. Sasa jibu lilipatikana pale pale. Kazi ya maabara ya namna hii ina siri moja nzuri: kwanza unaviua virusi kwa kemikali, ndipo unapima mabaki yake. Hatari unaipunguza mwanzoni kabisa, kabla mikono mingi haijaigusa. Wodini huwezi kufanya hivyo. Wodini virusi vimo ndani ya mtu, na mtu anakohoa, anatapika, anaogopa, anakushika mkono.

Ndiyo maana wauguzi waliendelea kufa. Zaidi ya kumi wa Lacor walikufa katika mlipuko ule, na wengi wao walikuwa wamevaa vifaa vyote. Watu waliuliza, kwani maski hazifanyi kazi? Zinafanya. Ila muuguzi akikaa zamu ndefu ndani ya plastiki kwenye joto la Gulu, jasho linamwingia machoni, na mkono unapanda kupangusa kabla kichwa hakijakumbuka. Uchovu nao ulipaswa kuwa kwenye hesabu. Nikiulizwa mimi, hilo ndilo swali la tano ambalo lingeongezwa kwenye ile karatasi: aliyevaa amelala saa ngapi?

Novemba 24 mambo yakafika shingoni. Wahudumu watatu walikufa ndani ya siku moja. Wauguzi wakagoma, mamia yao wakajaa ukumbini wakitaka hospitali ifungwe. Ukiwa mkweli utakubali walikuwa na haki. Matthew aliongea nao kwa saa kadhaa. Aliwaambia anayetaka kwenda aende, ila yeye atabaki, hata kama atabaki peke yake. Mkutano uliisha kwa nyimbo, na watu wakarudi wodini.

Kitu ambacho hakuna mtu ukumbini alijua, hata yeye mwenyewe, ni kwamba virusi vilikuwa tayari mwilini mwake.

Siku chache kabla, usiku kuelekea alfajiri, aliamshwa. Muuguzi mwenzake aliyekuwa amelazwa na Ebola alikuwa amechanganyikiwa, ameng'oa maski ya oksijeni, ameinuka kitandani, anakohoa damu. Matthew alivaa haraka. Maski, kofia, gauni, aproni, glavu mbili, buti. Miwani hakuvaa. Alimsaidia kumrudisha kitandani, akamsafisha. Mgonjwa alifariki. Utando wa jicho ni laini, hauna ngozi ya kuzuia kitu, na tone moja linatosha.

Siku hizi, kwenye wodi za Ebola na maabara za hatari ya juu, kuna sheria kwamba huingii mpaka mwenzako akukague kuanzia kichwani hadi miguuni, na unapovua anasimama pale akikusomea hatua moja moja. Wewe mwenye haraka humwoni kama rafiki. Lakini yule mwenzako hana kazi nyingine usiku huo ila kuona kile ambacho wewe, kwa huruma yako na usingizi wako, hukioni.

Mwishoni mwa Novemba homa ilianza. Alijaribu kuiita mafua, halafu malaria. Vipimo vikasema. Aliingia kwenye wodi aliyoianzisha mwenyewe. Mkewe Margaret alikuja kutoka Kampala, na sheria za mumewe zikamhusu naye pia: alimwona akiwa amevalishwa mavazi ya kinga.

Alifariki usiku wa kuamkia Desemba 5, akiwa na miaka 43. Alizikwa siku hiyo hiyo, kwenye uwanja wa hospitali, na wale watu wa kikosi cha mazishi waliovaa plastiki na kubeba klorini. Waombolezaji walisimama kwa mbali. Kwa Waacholi, kama kwa watu wetu wengi, maiti huoshwa na wanaoipenda, na kwa Ebola huko kuosha ndiko kulikoua familia nzima nzima vijijini. Yeye alikuwa amewaambia watu waache, na kwake pia waliacha.

Februari 27, 2001 Uganda ilitangazwa kuwa huru. Watu 425 walikuwa wameugua, 224 wakafa. Chanjo ya Ebola iliyopo sasa ni ya aina ya Zaire. Ya Sudan, ile ya Gulu, haijaidhinishwa yoyote, na ilirudi Mubende mwaka 2022, kisha Kampala 2025. Kaburi la Matthew lipo pale Lacor, karibu na la Lucille.