Guglielmo Marconi na Waya Uliopanda Juu

Usiku wa giza, watoto wa Kalemie hutazama ziwani na kuona taa za wavuvi wa dagaa. Taa ya karibu huonekana vizuri. Mtumbwi ukizidi kwenda mbali, taa yake huonekana chini, tena chini zaidi, hata mwisho hufichwa na maji yenyewe. Haikuzimika. Dunia ni mviringo, na mgongo wa ziwa umesimama katikati ya macho yako na taa. Ndiyo sababu hatuwezi kuona kutoka pwani yetu taa za Kigoma, ambako ni mbali kama kilometa 125, hata usiku usio na wingu. Anayetaka kuona mbali zaidi hupanda kilima.

Kumbukeni taa hiyo. Mtu tunayesoma maisha yake leo alitaka kupeleka habari hata mahali ambapo mwanga haufiki.

Guglielmo Marconi alizaliwa katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland. Walikuwa na nyumba kubwa shambani, jina lake Villa Griffone, karibu na kijiji cha Pontecchio. Guglielmo hakupata masomo ya chuo kikuu kama wataalamu wengine wa siku zake. Lakini umeme aliupenda mno, na mama yake akamtafutia walimu wa kumfundisha.

Mwaka 1894, alipokuwa na miaka 20, alisoma habari za mtaalamu Mjerumani aliyefariki mwaka ule ule, Heinrich Hertz. Huyu alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Tupa jiwe katika maji yaliyotulia, utaona mawimbi yakienea pande zote. Mawimbi ya Hertz huenea vivyo hivyo, lakini hayahitaji maji wala hewa, na mwendo wake ni sawa na mwendo wa mwanga. Hertz aliyapima ndani ya chumba chake. Marconi akajiuliza kama hayangeweza kubeba habari.

Akaanza kazi darini, katika chumba ambamo zamani walifuga viwavi wa hariri. Vyombo vyake alivitengeneza mwenyewe. Usiku mmoja wa Desemba alimwamsha mama yake, akampandisha darini. Akabonyeza kitufe upande mmoja, na kengele ikalia upande wa pili wa chumba, wala hapakuwa na waya kati yake.

Hapa lazima tuseme kweli. Marconi hakubuni kila kitu. Cheche alizipata kwa Hertz. Bomba dogo la kioo lenye unga wa chuma, ambalo lilitambua mawimbi yakifika, lilitokana na kazi ya Mfaransa Édouard Branly, mwalimu wa chuo cha Kikatoliki cha Paris. Waingereza na Warusi nao walikuwa wakitafuta njia hiyo hiyo. Alichokileta Marconi ni ukaidi wa kutaka mbali zaidi kila siku, na kitu kimoja kingine: waya uliopanda juu.

Mwaka 1895 alitoka nje bustanini. Kwanza mawimbi yalikwenda hatua chache tu, kisha yakachoka. Akajaribu hivi na hivi. Ndipo alipofunga kipande cha bati juu ya mti mrefu, akakiunga kwa waya na mtambo wake, na upande mwingine wa mtambo akauunga na bati lililozikwa udongoni. Mara mawimbi yakaenda mbali zaidi. Akapandisha waya tena, na umbali ukaongezeka tena. Waya wa namna hiyo ndio tunaouita antena. Antena yake ya kwanza ilikuwa kazi ya mikono, ya vitu vilivyopatikana nyumbani.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kilima kiitwacho Celestini. Guglielmo akampeleka kaka yake Alfonso ng'ambo ya kilima, pamoja na chombo cha kupokea na bunduki. Wasingeweza kuonana. Guglielmo alipobonyeza kitufe, akangoja. Bunduki ikalia nyuma ya kilima. Mawimbi yalikuwa yamefika.

Nchini kwao hakupata msaada aliouhitaji. Basi mwaka 1896 akaenda London pamoja na mama yake. Huko William Preece, mkubwa wa mafundi wa posta, akampokea vizuri. Mwezi Mei 1897 ishara zake zikavuka maji ya bahari kati ya Lavernock na kisiwa cha Flat Holm. Mwezi Machi 1899 zikavuka kutoka Ufaransa mpaka Uingereza, kilometa 50 hivi. Watu wakaanza kuita ajabu hii simu ya upepo, kwa kuwa haikuhitaji nguzo na nyaya za kuunga mji na mji.

Ndipo Marconi alipotaka jambo ambalo wenye elimu wengi walisema haliwezekani. Alitaka kuvuka bahari ya Atlantiki. Walimwambia kwamba mawimbi huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo yatapita juu na kupotea angani. Wenye elimu hao hawakuwa wapumbavu. Walisema yale yaliyojulikana wakati ule.

Huko Poldhu, kwenye majabali ya pwani ya Cornwall nchini Uingereza, Marconi alisimamisha milingoti 20 katika duara, kila mmoja mrefu wa meta 61. Mnazi mrefu haufiki nusu ya urefu huo. Nyaya nyingi zilishuka kutoka juu mpaka kwenye mtambo. Kazi ile ilikula fedha nyingi na miezi mingi. Tarehe 17 Septemba 1901 ikaja tufani. Milingoti ilikuwa imefungwa pamoja kwa kamba za chuma, na ulipoanguka mmoja, ukavuta wenzake. Wote 20 walilala chini. Nadhani kosa lilikuwa pale pale: milingoti iliyoshikana kichwani hufa pamoja.

Marconi hakungoja kujenga duara lingine. Walisimamisha milingoti miwili tu, na kati yake wakatundika nyaya 54 hivi, zimepanuka kama upepeo. Lakini ng'ambo ya bahari, huko Cape Cod nchini Marekani, alikuwa amejenga duara lingine kama lile la kwanza. Mwezi Novemba tufani ikaliangusha nalo.

Sasa afanye nini? Alikuwa na antena ya kupeleka, lakini hana ya kupokea. Akapanda meli pamoja na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, akachukua maputo na matiara. Tiara ni kitambaa kilichowambwa juu ya vijiti, ambacho watoto hukirusha kwa kamba wakati wa upepo. Mwanzoni mwa Desemba 1901 walifika kisiwa cha Newfoundland, kwenye kilima kiitwacho Signal Hill, karibu na mji wa St. John's. Baridi ilikuwa kali na upepo haukutulia. Puto la kwanza lilikata kamba likapotea baharini. Tarehe 12 Desemba wakarusha tiara, likachukuliwa na upepo pamoja na waya wake. Wakarusha la pili, lenye waya wa meta 150 hivi. Tiara likapanda na kushuka, likavuta kama ng'ombe aliyefungwa kamba, lakini likashika.

Marconi akakaa ndani ya chumba, chombo cha kusikia sikioni. Watu wa Poldhu walikuwa wameagizwa kupeleka kila siku, saa zilizopatanwa, herufi moja tu, yaani S, ambayo katika maandishi ya simu ni nukta tatu. Ilipofika nusu saa hivi baada ya adhuhuri, alisikia milio mitatu midogo ndani ya ngurumo za angani. Akampa Kemp chombo naye asikilize. Kutoka Poldhu hadi kilima kile ni kilometa 3,400 hivi.

Wengine hawakusadiki, na hata leo wako wataalamu wenye shaka. Watu wawili tu walisikia, na hakuna mashine iliyoandika sauti zile. Marconi mwenyewe aliona haja ya ushahidi. Mwezi Februari 1902 alisafiri kwa meli Philadelphia, akaweka mashine ya kuandika ishara juu ya karatasi, mbele ya macho ya nahodha. Usiku ishara ziliandikwa mpaka zaidi ya kilometa 3,000 kutoka Poldhu. Mchana hazikufika nusu ya umbali huo. Hapo hapakuwa na ubishi tena, lakini palikuwa na fumbo. Kwa nini usiku unashinda mchana?

Jibu lilipatikana polepole. Juu sana angani, kupita mawingu yote, kuna tabaka za hewa nyembamba iliyoguswa na nguvu za jua. Tabaka hizo hurudisha mawimbi ya redio chini, kama ukuta unavyorudisha mpira. Wataalamu wawili waliwaza hivyo mwaka 1902, na Mwingereza Edward Appleton akahakikisha mwaka 1924. Basi mawimbi ya Marconi hayakupenya maji ya bahari. Yalipiga juu yakarudi chini.

Mwaka 1909 Marconi alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun. Mwaka 1912, usiku wa tarehe 14 Aprili, meli kubwa Titanic iligonga mlima wa barafu. Vijana wawili wa simu ya upepo waliita msaada mpaka maji yalipowafikia. Mmoja wao alikufa. Meli Carpathia ilisikia, ikaja mbio, ikaokoa watu 700 na zaidi. Zaidi ya 1,500 walikufa. Bila waya ule uliotundikwa kati ya milingoti, hakuna ambaye angejua mahali pa kuwatafuta.

Miaka ile ile simu ya upepo ilifika Kongo. Tangu mwaka 1911 mafundi wakiongozwa na Mbelgiji Robert Goldschmidt walisimamisha minara toka Banana baharini mpaka Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Kisangani, Kindu na Kongolo zilikuwa katika mlolongo huo. Hapo kabla barua ilipanda mto na kushuka mto kwa majuma mengi. Adui mkubwa wa minara ile alikuwa radi. Ninyi mnaojua mvua za ziwa hili mnaelewa. Radi hutia kelele masikioni mwa msikilizaji, na waya mrefu usiounganishwa na udongo huweza kuita umeme ndani ya nyumba.

Lakini jambo linalonifurahisha kuliko minara ya serikali ni kazi ya watu wa kawaida, wapenda redio, waliotengeneza mitambo nyumbani kwao bila kutaka mshahara. Wenye makampuni waliwaachia mawimbi mafupi, wakidhani hayafai kitu. Mwezi Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alikwenda Scotland, akapiga hema katika shamba lenye matope, akanyosha waya wa meta 400 hivi juu ya vijiti vifupi. Akawasikia wapenda redio wengi wa Marekani, wenye mitambo midogo. Marconi hakuona haya kujifunza. Akaacha kutegemea mitambo mikubwa ya mawimbi marefu, akashika mawimbi mafupi, akakiri kwamba zamani alikuwa amekosa njia.

Tangu hapo antena ndefu si mali ya matajiri peke yao. Kwa wimbi la meta 40, waya wa meta 20 unatosha: ukate katikati, kila mkono meta 10, uufunge juu ya miti miwili. Misheni nyingi za Kongo zilitumia waya kama huo kwa fonia, kuulizana habari za wagonjwa, dawa na safari. Na wapenda redio wa Kongo wanapoitana na ulimwengu, majina yao ya redio huanza na 9Q.

Siku za mwisho za Marconi hazikuwa safi zote. Alijiunga na chama cha Mussolini, akakitumikia, na jambo hilo halikumpa heshima. Mwaka 1931 alijenga kituo cha redio cha Vatikano, na tarehe 12 Februari Papa Pio XI akawa Papa wa kwanza kusema na ulimwengu kwa redio.

Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, kwa ugonjwa wa moyo. Kesho yake vituo vya redio vya Uingereza na vya nchi nyingine vilinyamaza dakika mbili, na kwa muda ule mawimbi yalitulia kama kabla ya yeye kuanza. Baadaye mwili wake ulizikwa Villa Griffone. Kijiji kile kinaitwa sasa Pontecchio Marconi, na kilima cha Celestini kiko pale pale.