Maisha ya Legalishu, Msemaji wa Wamasai

Wengi wetu tukaao Nakuru ni wana na wajukuu wa watu walioletwa na reli, nayo ilifika hapa mwaka 1900. Yatupasa basi kumjua mtu ambaye malisho haya yalikuwa kwao kabla yetu. Huyo ni Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Serikali ilimwandika kwa jina la Legalishu.

Alikuwa Mmasai wa Purko, na msemaji wa rika lake. Mwezi wa Agosti 1904 yeye, na Lenana aliyekuwa laibon mkuu, na wazee wengine, walitia alama zao katika mkataba. Kwa mkataba huo Wamasai waliondoka Naivasha na Nakuru, ili walowezi wa Kizungu wapewe nchi. Baadhi yao walikwenda Laikipia, wengine kusini ya reli. Wakaahidiwa kwamba makao hayo mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka 7. Walowezi waliitamani na Laikipia pia. Lenana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata Legalishu, aliyekuwa amelipinga jambo hilo, alitia alama katika mkataba wa pili. Safari ya kuhamia kusini ikaanza, lakini mvua na baridi ya milima ya Mau ziliangamiza watu na mifugo, hata ikasimamishwa.

Hapo Legalishu hakushika mkuki, bali alishika sheria. Yeye na wenzake walimweka wakili wa Kiingereza, wakaishitaki Serikali. Mei 1913 Mahkama Kuu ilihukumu kwamba mikataba ile ni mapatano ya dola na dola, na kwamba Wamasai si raia wa Mwingereza. Kwa hiyo haina uwezo wa kuamua. Rufani nayo ilitupwa Desemba mwaka huo. Basi watu wale walihesabiwa kuwa dola walipodai haki, ilhali hawakuwa dola walipoamriwa kuhama. Zaidi ya watu 10,000 walikuwa wamekwisha hamishwa.

Legalishu alifariki mwaka 1939, mbali na Laikipia. Alishindwa katika kesi, wala hakushindwa katika hoja. Nasi tujengao nyumba na misikiti katika nchi hii tukumbuke kwamba ahadi ni deni, hata kama aliyeahidiwa hana mahkama ya kumsikiliza.